Barua ya wazi: Bahasha za Mwalimu hazina siku ya mwisho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Msajili wa Baraza la Famasi, na Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

YAH: DAWA ZA KUPUNGUZA ASIDI YA TUMBO ZINAZOTOLEWA BILA UKOMO

Tafadhali husikeni na somo la hapo juu.

Mimi ni mtoa dawa. Nina miaka kumi na mmoja nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Muheza, na kama ipo dawa ambayo mkono wangu unaifuata bila kusaidiwa na jicho, ni omeprazoli. Iko rafu ya pili, jirani na diklofenaki. Nimeziweka jirani kwa sababu zinaondoka pamoja: mtu akichukua ile ya mgongo, anachukua na hii ya kulinda tumbo.

Mwishoni mwa mwaka jana alikuja dukani mke wa mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu ambaye hapa mtaani hakuna anayemwita jina; ni Mwalimu tu. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Nimekuletea mwandiko wako unisomee."

Akatua kwenye kaunta kopo la siagi, lile kubwa. Ndani mlikuwa na bahasha za dawa, zile ndogo za karatasi tunazotilia vidonge, zimefungwa mafungu mafungu kwa mipira ya kufungia noti. Mwalimu amesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na ushei. Hajui kutupa karatasi.

Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali ya rufaa. Alfajiri moja alikwenda chooni akatoa damu tupu, nyingi, bila tumbo kumsokota hata kidogo. Akaona haya kusema. Kesho yake ikarudi, akaanguka uani karibu na ndoo ya maji. Aliongezewa damu chupa tatu. Kamera ya juu ilipopita tumboni ilikuta kuko salama. Kamera ya chini ilipoingia utumbo mpana ilikuta vijifuko, vingi, kimoja bado kimeshika damu iliyoganda. Daktari akauliza swali rahisi: unatumia dawa gani, na tangu lini? Mwalimu akajibu, "Ile ya vidonda." Tangu lini, hakujua. Mkewe hakujua. Faili halikusema. Ndipo mama akakumbuka kopo.

Jioni ile nilifunga duka mapema, nikazimwaga bahasha mezani nikazihesabu. Zilikuwa 93. Zenye mwandiko wangu ni 61. Zilizobaki zilitoka kwenye zahanati, vituo vya afya na maduka ya wenzangu. Nyingi zinasema maneno yaleyale: omeprazoli 20, 1×1, kabla ya kula. Ya zamani kuliko zote ina umri wa miaka saba, na imeandikwa "siku 14". Ile ndiyo omeprazoli pekee iliyopewa ukomo. Baada yake, miaka saba mizima, hakuna aliyeandika inaisha lini. Mimi pia sikuandika.

Waheshimiwa, hilo ndilo jambo langu katika barua hii. Dawa ya kupunguza asidi ikishaanzishwa, hakuna anayewajibika kuisimamisha. Naomba mtusaidie kuiwekea siku ya mwisho.

Nisieleweke vibaya kuhusu Mwalimu. Sisemi omeprazoli ndiyo iliyomtia vijifuko. Vijifuko vya utumbo mpana, ambavyo madaktari huviita divertikulosisi, hutokeza pale ukuta wa utumbo ulipo dhaifu. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye tairi lililochakaa anajua: mpira wa ndani hutafuta pale palipolegea, ukavimbia hapo. Kwenye utumbo, palipolegea ni vile vitundu ambamo mishipa midogo ya damu hupenya msuli kuingia ndani. Kwa hiyo kijifuko kikijitokeza hulala ubavuni mwa mshipa, na mshipa ukimomonyoka damu hutoka kwa wingi pasipo maumivu, kama ilivyomtokea Mwalimu. Wengi wenye vijifuko hivi huishi navyo mpaka mwisho wa umri wao bila kujua wanavyo. Uzee ndio unaotangulia katika kuvileta. Na katika vinavyoviamsha vikavimba au kutoa damu, hutajwa unene, sigara, kukaa bila kazi za mwili, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na aibuprofeni.

Hata hivyo swali la dawa za asidi limeshaulizwa, na si swali la ovyo. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walichunguza kinyesi cha watu 1,815 wakaona kuwa wanaomeza dawa za jamii ya omeprazoli wana mchanganyiko tofauti wa bakteria utumboni, wakiwamo bakteria wa mdomoni ambao kwa kawaida asidi ya tumbo ingewaua njiani. Maana yake, unachokifanya tumboni kinafika mpaka huko chini. Lakini kubadilika kwa bakteria hakujawa bado ukuta kutokeza vijifuko. Mtu anayemeza omeprazoli miaka saba aghalabu ni mtu mzima, ana mgongo unaomsumbua, anameza diklofenaki, na amepimwa mara nyingi kuliko jirani yake asiyeumwa; na vijifuko haviwezi kuonekana kwa mtu ambaye hajachunguzwa. Ukivikuta vyote kwa mtu mmoja, hujajua kipi kimeleta kipi, au kama vyote vimeletwa na kitu kingine.

Ili kutenganisha mambo hayo unahitaji kumbukumbu: nani alimeza nini, kiasi gani, kwa siku ngapi. Kwa Mwalimu, kumbukumbu hiyo ilikuwa ndani ya kopo la siagi, na kama si mazoea yake ya kutunza karatasi isingekuwepo kabisa. Huyo ni mmoja. Wale wengine wanaokuja kwangu hawana kopo. Nao wakija kuota vijifuko, au wasipoota, nchi haitajifunza chochote kutokana na miaka yote waliyomeza.

Habari hii ya vijifuko ina historia karibu na kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, alishangaa kwamba vijifuko ambavyo Uingereza vilikuwa vya kawaida kwa wazee, kwa wagonjwa wake Waafrika vilikuwa nadra. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter waliandika kwamba huu ni ugonjwa wa upungufu: watu walioanza kukoboa nafaka zao na kuondoa nyuzinyuzi ndio walioanza kuugua. Hoja hiyo ilikuja kutikiswa. Mwaka 2012 watafiti wa North Carolina, Marekani, baada ya kuwapima kwa kamera watu zaidi ya 2,000, hawakuona kuwa kula nyuzinyuzi kunamkinga mtu asiote vijifuko. Lakini mwaka mmoja kabla, utafiti wa Uingereza wa watu zaidi ya 47,000 ulikuta kuwa wasiokula nyama, na wale wanaokula nyuzinyuzi nyingi, hulazwa kwa ugonjwa wa vijifuko kwa uchache kuliko wengine. Mimi nimeelewa hivi: huenda nyuzinyuzi zisizuie kijifuko kuota, ila zinaonekana kupunguza kisirani chake.

Sasa tazameni tunavyomwagiza mgonjwa wa "vidonda" hapa kwetu. Acha maharage. Acha dona, kula sembe. Acha machungwa, na hii ni Muheza, ambako msimu ukifika machungwa yanarundikwa barabarani kama kokoto. Acha pilipili, acha mchicha wenye nazi, kunywa maziwa. Agizo hilo nimelisikia kwa wauguzi, kwa wenzangu wa maduka, kwa majirani, nami nimelitoa nisiweze kukumbuka mara ngapi. Mwalimu alilitii kama alivyokuwa akitaka wanafunzi wake wamtii. Mkewe aliniambia, "Miaka saba napika vyungu viwili. Cha watu, na chake." Hakuna aliyewahi kumwambia arudie maharage, kama vile hakuna aliyewahi kumwambia aache kidonge. Wakati vidonda vya tumbo vya kweli havisababishwi na maharage. Robin Warren na Barry Marshall walionyesha huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba mwenye kosa mkubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na kazi hiyo ikawapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwenye kosa wa pili ni zilezile dawa za maumivu.

Hao bakteria wateja wetu wanawaita "pailori", na kwao ndiko kopo liliponifundisha zaidi. Nilikuta humo dozi ya kuua pailori, yaani omeprazoli pamoja na amoksilini na klarithromaisini, imetolewa mara nne. Nikamuuliza mama walijuaje kuwa hawajafa. Akasema kila mara alipimwa damu kidoleni na ikasoma "wapo". Waheshimiwa wataalamu mnajua tatizo liko wapi. Kipimo kile cha damu kinatafuta askari wa mwili, si mwizi. Mwizi anaweza kuwa ameshauawa muda mrefu na askari bado wakawa wanazunguka. Kipimo cha choo kinachotafuta bakteria wenyewe ndicho kinachofaa kujua kama dozi imefaulu, na hicho nacho kinataka mgonjwa awe amesimama omeprazoli wiki mbili, la sivyo kinaweza kusema hawapo kumbe wamejificha. Katika miaka saba Mwalimu hakuwahi kukaa wiki mbili bila omeprazoli. Angepimwaje?

Na kwa nini hakukaa? Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, maana hapa ndipo watu wanaponasia.

Mteja ananunua vidonge vya mwezi. Kiungulia kinapoa, analala vizuri, anashukuru Mungu. Vinaisha, anaacha. Siku ya tatu au ya nne yuko dirishani, mkono kifuani: "Dada, vidonda vimerudi, tena vimekuja na hasira." Anaamini ugonjwa umerudi. Mimi miaka ya mwanzo niliamini hivyohivyo, nikamfungia vingine. Lakini omeprazoli inafanya kazi kwa kufunga pampu zinazomwaga asidi kwenye ukuta wa tumbo, na mwili ukiona asidi imepungua unaagiza zaidi. Ukiondoa kidonge ghafla baada ya wiki nyingi, agizo lile linakuta mlango uko wazi, asidi inamwagika kupita ilivyokuwa kabla. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichukua watu 120 wazima kabisa, wasio na kiungulia. Nusu wakapewa dawa ya jamii hii kwa wiki nane, kisha vidonge visivyo na dawa kwa wiki nne. Nusu wakapewa visivyo na dawa mwanzo hadi mwisho. Kwenye zile wiki nne za mwisho, asilimia 44 ya walioachishwa dawa walipata kiungulia, tumbo kusumbua au asidi kupanda. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 15. Walikuwa watu wasioumwa! Dawa yenyewe iliwaachia maradhi ambayo hawakuja nayo.

Hali hiyo hupita yenyewe. Ukimwambia mtu mapema kuwa itakuja na itapita, ukampunguzia polepole, siku moja anameza na siku moja anaruka, ukampa kidonge cha kutafuna cha magnesi cha kumsaidia siku mbaya, wengi wanavuka. Asipoambiwa, anarudi dirishani, na kila akirudi mwezi unakuwa mwaka. Hivyo ndivyo 14 ya Mwalimu ilivyokuwa miaka saba. Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Kila aliyeandika bahasha alimwonea huruma mgonjwa aliyekuwa mbele yake.

Huku kwetu neno "vidonda" limebeba kila kitu. Maumivu yoyote juu ya kitovu ni vidonda. Mama aliyegombana na mumewe akakosa hamu ya kula ana vidonda. Bodaboda anayekunywa soda na chapati saa nane mchana kikiwa ndicho chakula chake cha kwanza ana vidonda. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia watu wanakuja kuweka akiba ya omeprazoli kama wanavyoweka tende. Nimewahi kumwona mzee aliyeshika kifua, jasho linamtoka, anaomba dawa ya vidonda. Nilimpakia kwenye pikipiki kwenda hospitali, kumbe ni moyo. Dawa inayotuliza haraka namna hii inaweza kuficha mambo ambayo yangetakiwa kuonekana mapema, na saratani ya tumbo ni mojawapo.

Yapo mengine nitayataja kwa ufupi kwa kuwa mnayajua kuliko mimi. Asidi ndiyo bawabu wa tumbo. Ukimlaza, vimelea vya kuhara vinaingia kirahisi zaidi, na hii ni nchi iliyoona mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015. Wenzetu wanaotumia ARV zenye atazanavir wanaihitaji asidi ili dawa yao iingie mwilini, na ni wachache sana wanaojitambulisha hivyo dirishani kwa mgeni kama mimi. Kuanzia mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa tahadhari moja baada ya nyingine kwa watumiaji wa muda mrefu: mifupa kuvunjika, magnesi kushuka kwenye damu, kuhara kwa bakteria sugu. Haki inanitaka niseme pia kuwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, wa watu zaidi ya 17,000 waliofuatiliwa kwa karibu miaka mitatu kwa kulinganisha pantoprazoli, ndugu ya omeprazoli, na kidonge kisicho na dawa, haukuthibitisha sehemu kubwa ya hofu hizo. Ulichothibitisha ni maambukizi ya utumbo: asilimia 1.4 ya waliomeza dawa, dhidi ya 1.0 ya wenzao. Kwa hiyo sijaja kuwatisha watu. Mtu aliyetoka damu ya kidonda juzi, mwenye koo lililoungua na asidi, mgonjwa wa moyo anayemeza aspirini kila siku akiwa na umri mkubwa, hao wanaihitaji dawa hii, wengine kwa maisha yao yote, na itakuwa dhambi mtu akisoma barua hii akamnyang'anya bibi yake kidonge. Hao nao waandikiwe: "haina mwisho, kwa sababu hii, rudi tukuone tarehe hii." Hata kutokuwa na mwisho kunahitaji mtu wa kukuandika.

Jambo moja ambalo watoa dawa wenzangu hatukufundishwa vya kutosha ni hili la diklofenaki. Tunauza omeprazoli pembeni yake tukiamini tumemkinga mteja. Tumemkinga tumbo. Utumbo mpana hatukuukinga, kwa kuwa huko hakuna asidi ya kupunguza, na dawa za maumivu zinajulikana kuchochea vijifuko kutoa damu. Bahasha za diklofenaki kwenye kopo la Mwalimu zilikuwa 17. Tulimpa ngao inayofunika kifua tu, tukamwambia aende vitani kila siku mgongo ukiuma.

Sasa ninachoomba.

Bahasha ya dawa tunayonunua huku ina nafasi ya jina, dawa, kiasi na mara kwa siku. Naomba kwa agizo lenu iongezwe mistari miwili: dawa hii ni ya nini, na inaisha lini au urudi lini kuangaliwa. Ni wino kidogo tu. Mstari mtupu unauliza swali. Mimi nisingeweza kuuacha mtupu mara 61 bila siku moja kujiuliza. Na zile za plastiki zisizoandikika, zenye maneno yaliyochapwa kabla, zitafutiwe namna.

Kwa sisi wa madukani, mtuwekee kikomo kilicho wazi. Marekani ilipoiruhusu omeprazoli kuuzwa bila cheti mwaka 2003 iliandika kwenye boksi lenyewe: siku 14, na usirudie kabla ya miezi minne bila kumwona daktari. Hatuna haja ya kubuni kipya. Mteja akija na siku zake 14 zimeisha na bado anaumwa, niwe na karatasi ya kumpa rufaa ya kwenda kituo cha afya, yenye maelezo ya nilichompa, na huko wasimrudishe kwangu na 1×1 nyingine. Najua wenye maduka watanung'unika. Dawa hii inalipa kodi ya pango. Ndiyo maana nasema iwe amri kwa wote, maana duka moja likikataa peke yake mteja anavuka barabara.

Kipimo cha damu cha pailori kisiendelee kuwa ndicho kinachoamua mtu aanze au arudie dozi. Kama kipimo cha choo ni ghali au hakifiki zahanati, hilo ndilo la kupigania kwenye bajeti, kwa sababu kila dozi inayorudiwa bila sababu ni viuavijasumu vilivyotupwa, na tunajua vinavyozoea kugoma.

Toleo lijalo la Mwongozo wa Matibabu wa Taifa liwe na ukurasa wa namna ya kuacha dawa hizi, kwa Kiswahili cha kubandikwa ukutani, unaofika mpaka maduka ya dawa ya vijijini: nani aache, apunguze vipi, atarajie nini wiki ya kwanza, nani asiache kabisa, na nani akimbilie hospitali. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu, anayekwama chakula kooni. Na kwenye ukurasa huohuo muandike kuwa maharage si adui. Mkiliandika ninyi litasikika, nikilisema mimi wananiambia, "Dada, nesi alinikataza."

La mwisho ni la hospitali zenye kamera. Kila anayefanyiwa kipimo cha utumbo mpana aulizwe na iandikwe: dawa za asidi, tangu lini, dawa za maumivu, tangu lini, anakula nini. Maswali matatu kwenye fomu. Baada ya miaka michache wataalamu wetu wa Muhimbili, KCMC na Bugando watakuwa na majibu yatokanayo na watu wetu, wanaokula chakula chetu, badala ya kungoja ya Uholanzi na North Carolina. Watu wetu wanazidi kuzeeka, tunakoboa zaidi, tunakaa zaidi, tunameza zaidi. Kile ambacho Burkitt alikikosa Mulago, wajukuu wa wagonjwa wake wameanza kukipata.

Msiitafsiri barua hii kuwa ombi la msako. Msako ukija tunaficha makopo chini ya kaunta kwa wiki moja, kisha tunayarudisha rafuni. Ninaomba mafunzo, bahasha na kikomo.

Mwalimu alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Daktari alimsimamisha diklofenaki, mgongo anautuliza kwa parasetamoli na mazoezi aliyoonyeshwa. Omeprazoli alipangiwa kuipunguza kwa wiki sita. Wiki ya pili alikuja dukani amekunja uso, kiungulia kimempanda. "Mwanangu, si ulisema kitapita?" Nikamwambia, shikamoo Mwalimu, nilisema baada ya siku kama kumi na nne, leo ni ya tisa. Akahesabu kwa vidole, akakubali, akaondoka na vidonge vya kutafuna. Kilipita. Mkewe sasa anapika chungu kimoja.

Bahasha yake ya 94 niliiandika kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akiwaandikia wanafunzi: omeprazoli 20, siku moja meza, siku moja ruka, sababu ni kuacha, mwisho Ijumaa. Aliileta baada ya ile Ijumaa akaitia mwenyewe kwenye kopo. Kopo wameniachia. Nikiitwa Dodoma nitakuja nalo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtoa dawa,
Muheza, Tanga.